SIKU KUMI NA NNE HAZITOSHI

Ndugu Wafanya Kazi,

Mara nyingi katika karatasi hii twaandika juu ya mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo twaandika juu ya ugonjwa. Twawaomba msiikunje karatasi, kwa maana habari hii nayo ni habari ya mkataba, na mwisho wake tutawauliza neno ambalo kila tawi litapaswa kulijibu.

Mwenzetu mmoja wa gangi ya njia ametupa ruhusa kusimulia yaliyompata, bila kutaja jina lake. Alishikwa na kichwa. Kiliuma siku tatu, kikaendelea wiki mbili. Alikwenda dispensari akapewa dawa ya malaria. Akarudi tena, akapewa vidonge vya maumivu. Sisi tuliokuwa naye kazini tulimwambia kwamba ni jua tu, ni vumbi la kokoto, ajifunge leso. Hapana hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba ugonjwa huu haufungwi kwa leso. Alipoanza kutapika, na kuona vitu viwili mahali palipo na kimoja, mkewe alimchukua akampeleka hospitali kubwa. Huko walitoa maji ya uti wa mgongo, wakayapima, wakaona kuvu.

Ndiyo, kuvu. Jamii moja na ile inayoota juu ya mkate uliolala. Hii iliyomwingia yeye huitwa kriptokokasi. Hukaa katika udongo na katika mavi ya ndege, hasa njiwa, nasi huivuta kwa pumzi bila kujua. Mtu mwenye nguvu za mwili kwa kawaida haimdhuru. Lakini mwili ukiwa umedhoofika, hasa kwa virusi vya UKIMWI visivyotibiwa, kuvu hupanda mpaka kwenye utando unaofunika ubongo. Mwenzetu hakujua kwamba alikuwa na virusi hivyo. Hata hilo ametuambia tuliseme, ili wengine wakapime mapema. Na tena mjue: homa hii ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu haiambukizi kutoka mtu hadi mtu. Asikimbiwe mgonjwa, wala asitengwe kwa sahani na kikombe.

Alilazwa siku 14. Alipata nafuu, akaenda nyumbani na vidonge vya kumeza kwa muda mrefu. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Siku zake za kuugua zilikuwa zimekwisha zote akiwa kitandani. Aliambiwa kwamba kuanzia sasa kila siku asiyofika ni siku isiyo na mshahara. Kodi ya nyumba inamngoja, watoto wanangoja karo. Akarudi kazini. Siku ya kliniki ya kwanza hakwenda kwa kuwa gangi ilikuwa mbali. Vidonge vikaisha, akasema atavichukua mwisho wa mwezi. Kichwa kikarudi, naye akanyamaza. Asubuhi moja akiwa ameshika spana, mkono wa kuume ulilegea, spana ikaanguka, na mdomo ukapinda. Kilikuwa kiharusi.

Leo yu hai, nasi twashukuru. Lakini mkono ule haukazi tena bolti. Hatusemi kwamba kazi ndiyo iliyomletea kiharusi. Daktari alitueleza kwamba hata mgonjwa anayemeza dawa zote aweza kupatwa nacho. Lakini alitueleza pia kwamba anayekatiza dawa huipa kuvu nafasi ya pili, na hiyo nafasi ya pili sisi wenyewe tuliiona ikitumika.

KUVU NA MISHIPA YA DAMU

Wengi wetu tulishangaa. Mtu aliyeugua utando wa ubongo amepataje kiharusi, ugonjwa tuliozoea kuuona kwa wazee wenye presha? Tuliuliza, na haya ndiyo tuliyofahamishwa.

Kati ya ubongo na utando wake mna maji. Mishipa mikubwa inayolisha ubongo kwa damu hupita ndani ya maji hayo, hasa chini, kwenye kitako cha ubongo. Kuvu ikiingia katika maji, mishipa nayo imo humo humo. Basi mambo mawili yaweza kutokea. La kwanza, ukuta wa mshipa huvimba, njia ya damu huwa nyembamba, damu huganda, na sehemu ya ubongo iliyo mbele hufa kwa njaa ya damu. Hicho ni kiharusi cha kuziba. La pili, ukuta wenyewe huliwa, hulegea, hufura ubavuni, na siku moja hupasuka. Hicho ni kiharusi cha kumwaga damu.

Sisi wa Reli twaujua mpira wa breki unaounganisha behewa na behewa. Ukilowa mafuta siku nyingi hulainika, hufura, na mwisho hupasuka gari likiwa safarini. Fundi mwenye akili hafungi kitambaa juu ya uvimbe akaenda zake. Huziba kwanza mahali mafuta yanapovuja. Na mpira twaweza kuubadilisha; mshipa wa ubongo haubadilishwi. Basi yatupasa kuuwahi.

YALIYOONEKANA NCHI NYINGINE

Isifikiriwe kwamba jambo hili ni la wenye virusi peke yao. Huko Marekani, mwaka 2012, watu wenye maumivu ya mgongo, maumivu yale yale tunayoyajua sisi tunaoinua mataruma, walipigwa sindano ya kutuliza karibu na uti wa mgongo. Dawa ilitoka katika kampuni iliyoitwa New England Compounding Center, mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts. Ilikuwa imeingia kuvu. Daktari mmoja wa Nashville, April Pettit, alikuwa na mgonjwa wa utando wa ubongo asiyepona. Alipoona kuvu katika maji ya mgongo, aliuliza mtu huyu alikuwa amefanyiwa nini kabla ya kuugua, akaambiwa habari ya sindano. Mwezi wa Septemba alipeleka habari kwa wakuu wa afya wa jimbo la Tennessee, na dawa ikaanza kurudishwa. Lakini ilikuwa imekwisha kuenea. Watu 753 katika majimbo 20 waliugua, na 64 walifariki.

Katika wagonjwa 66 wa kwanza waliochunguzwa Tennessee, karibu robo tatu waliumwa kichwa, lakini wenye shingo iliyokakamaa hawakufika theluthi moja. Kwa hiyo anayengoja shingo ikakamae ndipo aende hospitali, huenda akachelewa. Mtu wa katikati katika hesabu yao aliona dalili siku 18 baada ya sindano, na mwingine siku 56. Na karibu wanane kati ya hao 66 walifika hospitali tayari wakiwa na kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kama daktari angaliandika "kiharusi" na kufunga faili, kuvu ingaliendelea na kazi yake.

Mkuu wa kampuni ile, Barry Cadden, alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha miaka 9, na mwaka 2021 mahakama ikakiongeza kikawa miaka 14 na nusu. Hukumu hiyo ni ya haki. Lakini wagonjwa walihitaji kitu kingine pia: walitakiwa kutibiwa miezi mitatu kwa uchache, na wengine miezi sita na zaidi, huku wakitazamwa mishipa yao.

Mwishoni mwa mwaka 2022 balaa la namna hii liliwapata watu wa Durango, nchi ya Mexico, wengi wao akina mama waliochomwa sindano ya ganzi mgongoni ili wazae kwa upasuaji. Zaidi ya 30 walifariki. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Matamoros, nchi hiyo hiyo, na kuvu iitwayo fusariumu. Huko nako madaktari waliona mishipa ya kitako cha ubongo ikiziba na kupasuka. Kuvu ni mbalimbali na nchi ni mbalimbali, lakini njia yake ya kuua ni ile ile.

MATIBABU YANAVYOKWENDA

Sisi si madaktari. Twaeleza tu yale ambayo mfanya kazi na jamaa zake wanapaswa kuyajua, ili wajue la kuuliza.

Kwanza kabisa ni kuua kuvu. Huo ndio mzizi. Kwa kriptokokasi, Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka 2022 sindano moja kubwa ya amfoterisini iliyotengenezwa kwa mafuta, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Shauri hilo lilitokana na majaribio yaliyofanywa katika nchi tano za Afrika, mojawapo ikiwa jirani zetu Uganda. Baada ya hapo mgonjwa humeza flukonazoli nyingi kwa wiki nane, halafu kiasi kidogo kila siku kwa muda mrefu mpaka mwili upate nguvu. Dawa za virusi huanzishwa baada ya wiki nne mpaka sita, si siku ile ile. Hata kwa dawa hizi, karibu mtu mmoja kati ya wanne katika majaribio yale alifariki kabla ya wiki kumi kwisha. Mjue basi kwamba huu si ugonjwa wa kuchezea.

Jambo la pili ni kupunguza mgandamizo. Maji ya ubongo yakikosa kupita hujaa, hukandamiza macho na ubongo, na damu hupita kwa shida. Daktari huyapunguza kwa kuyatoa mgongoni, mara nyingine kila siku. Hapa twataka kusema wazi. Wako wenzetu wengi wanaosema kwamba mtu akitolewa maji ya mgongo hufa. Mwenzetu naye alikataa siku nzima kwa sababu hiyo, na siku ile ilikuwa hasara tupu. Wanaofariki baada ya kutolewa maji, wengi walifika wamechelewa. Ugonjwa ndio uliowaua. Yeye mwenyewe hutuambia kwamba maji yalipotoka, kichwa kilipungua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jambo la tatu ni kutazama mishipa. Kichwa kikirudi kwa ghafula, mkono ukifa ganzi, maneno yakigongana, jicho likiona viwili, mgonjwa arudi hospitali saa ile ile, apigwe picha ya ubongo na ya mishipa yake. Mshipa uliofura, mara nyingine madaktari wa upasuaji huweza kuuziba kabla haujapasuka.

Jambo la nne ni hadhari na dawa za kuzuia damu kuganda. Katika kiharusi cha kawaida cha kuziba, dawa hizo husaidia sana. Lakini mahali ambapo ukuta wa mshipa umeliwa na kuvu, zaweza kuleta kumwaga damu. Kwa hiyo daktari hupima kwanza faida na hatari kwa kila mgonjwa, na mtu asijinunulie aspirini dukani kwa kuwa jirani yake aliponea hapo. Kadhalika dawa ya kupunguza uvimbe iitwayo deksamethasoni, iliyodhaniwa ingesaidia wagonjwa wa kriptokokasi, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba iliwadhuru.

Na la mwisho ni mazoezi ya viungo vilivyolegea. Haya nayo huchukua miezi.

Sasa hesabuni wenyewe. Siku 14 za dawa za kwanza. Wiki nane za vidonge vikali. Kliniki, picha, mazoezi. Hapana hata mstari mmoja katika orodha hii unaosema, "Siku ya kumi na tano mgonjwa ashike spana."

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Huo ndio mwisho wa lazima. Karani aliyekata mshahara wa mwenzetu hakuvunja sheria yo yote. Hatumlaumu yeye. Twailaumu hesabu ile, kwa maana ilipimwa kwa homa ya wiki moja, nayo yatumiwa kwa ugonjwa wa miezi.

Lakini sheria ile yasema siku hizo ni kiwango cha chini. Haikataze mwajiri kutoa zaidi. Hapo ndipo mkataba wa Chama unapoingia, na hapo ndipo tunapowataka ninyi.

Twapendekeza haya katika mkataba ujao:

1. Ugonjwa mrefu uwe na likizo yake. Daktari akiandika kwamba matibabu yatapita mwezi mmoja, mfanya kazi apewe miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mitatu mingine kwa nusu.

2. Siku ya kliniki isihesabiwe kuwa ni kukosa kazi, hata kama gangi iko mbali.

3. Anayerudi apewe kazi nyepesi mpaka daktari aandike kwamba anaweza. Mtu anayeona viwili asiwekwe kwenye gari, kwenye njia wala kwenye ishara, kwa usalama wake na wa abiria.

4. Wanyapara na watoaji wa huduma ya kwanza wafundishwe dalili: kichwa kisichokoma siku nyingi pamoja na homa, kutapika au kuona vibaya, na hasa kwa mtu aliyechomwa sindano ya mgongo wiki zilizopita au mwenye mwili uliodhoofika. Huyo apelekwe mahali panapoweza kupima maji ya mgongo.

5. Siri ya mgonjwa itunzwe. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006 tayari yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate au abaki na kazi. Chama kiwe macho.

Twajua majibu yatakayokuja. Wakubwa watasema kwamba fedha hakuna. Twawajibu: pigeni hesabu ya fundi mmoja wa miaka kumi anayepotea kabisa, na gharama ya kumfundisha mwingine, halafu muilinganishe na miezi mitatu ya mshahara.

Lakini jibu lililo gumu zaidi latoka kwetu wenyewe. Tulilisikia katika mkutano wa mwisho. Ndugu mmoja alisimama akasema, "Huu ni ugonjwa wa wachache. Kwa nini tupunguze nguvu ya kudai shilingi za wote kwa ajili yake?" Si neno la mtu mbaya. Bei ya unga twaijua sote. Ikiwa meza ya mazungumzo ina nafasi ya mambo machache, kila jambo tunaloongeza hulipunguza lingine. Hatutawadanganya kwamba twaweza kupata yote bila kuacha kitu.

Hata hivyo twasema kwamba amekosea hesabu. Likizo ya ugonjwa mrefu si ya kuvu peke yake. Ni ya kifua kikuu, ambacho matibabu yake ni miezi sita. Ni ya figo, ya saratani, ya mguu uliovunjwa nyumbani. Hakuna ajuaye nani atakuwa miongoni mwa wachache mwakani. Nyongeza ya mshahara, mgonjwa asiyelipwa haipati. Nusu ya kitu kisichokuwapo si kitu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenzetu ufa wake ulionekana mapema, hospitali ikauona, dawa zikapatikana. Kilichokosekana ni siku za kukaa nyumbani na kuzimeza.

Basi neno tunalowauliza ni hili, na kila tawi lilijadili kabla ya mkutano mkuu: je, mko tayari kupokea nyongeza ndogo kidogo mwaka huu, ili likizo ya ugonjwa mrefu iandikwe katika mkataba? Jibuni ndiyo, au jibuni la, lakini msikae kimya.

Na kwa sasa, kabla mkataba haujaandikwa, ukimwona mwenzako ameshika kichwa wiki nzima, usimwambie ajifunge leso. Mpeleke.

Ni sisi wenzenu wa Reli.